Ufuatiliaji wa majira katika Ziwa Tanganyika

Ufuatiliaji wa majira katika Ziwa Tanganyika ni upimaji wa mvua, upepo, halijoto na kimo cha maji mwaka mzima, ili kujua jinsi majira yanavyoathiri ziwa na watu wa mwambao wake. Kwa upande wa Tanzania, hali ya hewa hupimwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). Utafiti wa samaki na maji yao hufanywa na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI), yenye kituo mjini Kigoma.

Mkulima wa kahawa wa Kalinzi, kwenye milima iliyo juu ya ziwa, hungojea mvua zinazoanza mnamo Oktoba au Novemba. Kwa mvuvi jambo kubwa ni upepo wa kiangazi. Kuanzia Mei hadi Septemba pepo za kusini-mashariki huvuma kufuata urefu wa ziwa, ambao ni karibu kilomita 670. Husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na huku kusini maji baridi yenye virutubishi huinuka kutoka chini. Upepo ukitulia, tabaka hizo huyumba kama maji ya beseni lililoinamishwa kisha likaachwa, ila kuyumba mara moja huchukua karibu mwezi mzima. Anayesimama ufukweni Ujiji haoni kitu. Ndiyo maana watafiti huteremsha vipimajoto kilindini.

Virutubishi hivyo hulisha mimea midogo sana inayoelea, nayo huliwa na viumbe wadogo wanaoliwa na dagaa. Dagaa nao huliwa na migebuka.

Mwaka 2003 makundi mawili ya wanasayansi yalionyesha kwamba ziwa limepata joto, na kwamba maji ya juu na ya chini yanachanganyika kidogo kuliko zamani. Si joto pekee linalopunguza samaki. Wavuvi nao wameongezeka. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani humo tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, yaani ndani ya majira yaleyale ya upepo.

Kimo cha maji hufuatiliwa pia. Ziwa lina njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga nchini Kongo. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley aliukuta umezibwa kwa matope na majani; miaka michache baadaye maji yalipenya na ziwa likashuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 maji yalipanda tena, yakafurika mwambaoni Kigoma na Bujumbura.