Kabla ya kununua jostiki ingine, ipangeni vizuri ile iliyoko

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama mnaobaki na watoto Fizi na Baraka wakati baba yuko Misisi: kijana akikaa mbele ya ordinatere na jostiki mkononi, tusiseme haraka kwamba anakula petroli ya grupe bure. Tuangalie kwanza anajifunza nini.

Katika FlightGear, programu ya bure ya kuigiza urubani iliyotoka mwaka 1997, zoezi moja gumu ni kuruka sambamba na ndege nyingine. Hata bila intaneti, kijana anaweza kuifuata ndege inayogawa mafuta angani. Hapo ndipo wengi wanashindwa: ndege inapanda, inashuka, inapanda tena. Kisha tunasikia: "Baba, jostiki imekufa." Mara nyingi haijakufa. Iko nyepesi kupita kiasi.

Wenye kuendesha mitumbwi ya moteri pale ziwani, Baraka na Ubwari, wanajua jambo hili. Ukivuta moteri kwa nguvu, mtumbwi unapita njia. Ukirudisha kwa nguvu, unapita upande ule mwingine. Ndege nayo inachelewa kidogo kujibu. Sahihisho kubwa linafika wakati halitakiwi tena.

Ya kufanya ni haya. Kwanza, punguza wepesi pale katikati: mkono ukisogea kidogo, ndege isogee kidogo sana. Huko mwisho acha nguvu yote ibaki, ju utaihitaji siku ya kukwepa.

Pili, ile nafasi ya katikati ambamo jostiki haisikii kitu iwe ndogo. Ikiwa kubwa, unasukuma, kimya. Unaongeza, ndege inaruka ghafla. Kama jostiki imezeeka ao imeingia vumbi na inatetemeka yenyewe, acha nafasi kidogo tu.

Tatu, badilisha kitu kimoja kwa mara, ruka dakika kumi, ndipo uguse kingine. Laza mkono juu ya paja, shika kwa vidole, si kwa ngumi. Na gazi uipunguze kabla hujaifikia ndege ya mbele, ju moteri nayo inachelewa.

Je, inatuhusu sisi watu wa mgodi? Inatuhusu. Kule Kibali, Haut-Uele, kuna mashine za kubeba mawe chini ya ardhi zinazoongozwa na watu walioketi juu, mbele ya skrini. Mashine kubwa za kuchimba udongo nazo zinaendeshwa kwa jostiki, na pembeni yake kuna watu. Mkono wa haraka hapo unaua.

Hatusemi mchezo ni diploma. Lakini mkono unaozoea kusahihisha kidogo kidogo ni mali. Basi, baba ukirudi nyumbani, usitoe pesa mbio. Mwambie kijana akuonyeshe kwanza namna ameipanga jostiki yake.