Eti vichaa hawaumwi

"Daktari, mbona vichaa hawaumwi?" Bodaboda wa Bunju wananiuliza, mama ntilie wa Mapinga ananiuliza, na juzi kaniuliza mwalimu mwenye shahada yake, tumebanana kwenye daladala ya Bagamoyo. Ushahidi ni ule ule: anakula jalalani, analala barazani bila shuka, anatembea juani na makoti matatu, na hujamwona hospitali hata siku moja.

Hujamwona hospitali kwa sababu hakuna aliyempeleka. Waliozidiwa huwaoni kwa sababu wamekufa. Unayemwona stendi ni yule ambaye bado hajafa, halafu unamfanya ushahidi. Shirika la Afya Duniani linasema wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzao, na wengi huuawa na maradhi ya mwili yanayotibika.

Sisi madaktari nasi tumeilea imani hii. Emil Kraepelin, Mjerumani ambaye vitabu vyake vilisomesha vizazi vya madaktari wa akili, aliandika kwamba wagonjwa hawa hawajali maumivu. Lakini mwaka 1994 watafiti wa Ufaransa walipitisha umeme kwenye mshipa wa fahamu wa mguu, kwa wagonjwa wa skizofrenia na kwa watu wenye akili timamu, wakapima msuli unavyoshtuka. Hawakukuta tofauti. Majaribio mengine yamekuta mgonjwa anachelewa kusema "inauma". Sawa, lakini kuchelewa kusema si kutosikia. Maradhi yenyewe humfanya mtu asionyeshe kitu usoni, na akisema, husema kwa namna yake.

Mtu amekaa karibu na soko la samaki, analalamika kwamba wamemchomeka waya wa umeme mguuni. Vijana wanacheka, mmoja anamrekodi kwa simu. Chuchumaa uutazame mguu: funza wamejaa chini ya kucha, kisigino kimepasuka, katikati ya vidole panatoka usaha. Au mguu umevimba na una joto, mwili una homa, maana pwani hii ni nchi ya matende. Waya haupo, ila maumivu yapo pale pale alipopaonyesha.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera kuliko yote: eti bakora humpata jini, mwenye mwili hasikii. Mgonjwa anafungwa kamba, anachapwa, wengine wanapakwa pilipili machoni, na ndugu wamekaa pembeni wameridhika kwamba anayelia ni jini. Nieleweke: sina ugomvi na kisomo, dua ni dua, na ubani haujamvunja mtu mbavu. Ugomvi wangu ni fimbo. Vidonda vya kamba nimevisafisha, kwenye vifundo vya mikono, nyama imechimbika na nzi wametangulia. Vyote vilikuwa kwenye ngozi ya binadamu. Kidonda cha jini sijaletewa bado. Kisha mganga anatangaza: katulia, jini katoka. Katulia kwa sababu amejifunza kwamba akipiga kelele anaongezewa. Mtu huyo akitoroka akaishia barabarani, jino likimuuma atajikunyata kimya pembeni ya ukuta, nawe utapita na kuniletea lile swali lako.

Ya kufanya, haraka haraka. Usimuulize "unaumwa?", atakujibu hapana. Onyesha kiungo: hapa je? Tazama anavyochechemea, anavyotafuna upande mmoja, anavyosusa chakula alichokuwa akikigombania. Kidonda ni maji safi na sabuni. Mafuta ya taa, mafuta ya breki na unga wa betri acha. Kaumwa na mbwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha chanjo siku hiyo hiyo. Kakanyaga msumari, muulizie sindano ya pepopunda. Kapewa haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili, shingo ikapinda na macho yakapanda juu? Ni dawa hiyo, wala si jini mpya. Inauma sana, arudishwe leo leo, ipo dawa ya kuifungua. Hana ndugu, anza kwa mtendaji wa mtaa na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Akiwa na vurugu, polisi wahusishwe wamfikishe hospitali, si mahabusu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ipo. Na ukimpeleka, ingia naye. Mapokezi wakiona makoti matatu watamwelekeza moja kwa moja kliniki ya akili, arudi na vidonge vya usingizi na usaha wake. Sema umemleta kwa ajili ya mguu, urudie kusema, na usiondoke mpaka matambara ya mguuni yamefunguliwa na mtu ameuangalia.