Kura ya Mtu wa Mpakani

Mji wa Isebania uko katika ukingo wa kusini-magharibi wa nchi ya Kenya, mahali ambapo barabara kuu itokayo Kisumu kwa njia ya Kisii na Migori inaingia Tanzania. Upande wa pili ni Sirari, katika Wilaya ya Tarime. Mpaka huo una asili yake katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Wenyeji hawakuulizwa neno, na Wakuria wakajikuta wako chini ya dola mbili. Hata leo mtu aweza kuwa na ndugu zake upande huu na mashemeji zake upande ule. Lugha ni moja na mahindi ni yale yale, lakini kitambulisho na kura ni mbalimbali.

Kwa sababu hiyo mwananchi wa Isebania ana nafasi ambayo watu wengi wa bara hawana: huweza kuzitazama siasa za nchi mbili bila ya kusafiri. Kwa upande wake mwenyewe, Katiba ya Kenya imeamuru kwamba Uchaguzi Mkuu ufanywe siku ya Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Uchaguzi uliopita ulikuwa tarehe 9 Agosti 2022, na unaofuata umeangukia tarehe 10 Agosti 2027. Yafaa basi kufikiri jinsi mtu mwenye fikira huru, asiye mtumwa wa chama wala wa ukoo, awezavyo kuzipima siasa za nchi yake kabla ya siku hiyo kufika.

HAKI ILIYOPATIKANA KWA HATUA

Vijana wengi hudhani kwamba kura ni kitu kilichokuwako tangu zamani. Sivyo. Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya alikuwa Bwana Eliud Mathu, mwaka 1944, naye hakuchaguliwa na watu bali aliteuliwa na Serikali. Ilipofika mwezi wa Machi 1957 ndipo Waafrika walipowachagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, nao walikuwa wanane tu kwa nchi nzima. Katika Nyanza ya Kusini aliyechaguliwa alikuwa Bwana Lawrence Oguda.

Lakini kura ya mwaka ule haikuwa ya kila mtu. Ilitolewa kwa kipimo cha elimu, mapato, mali na utumishi. Mwenye sifa nyingi aliweza kupewa kura mbili au hata tatu, na jirani yake, aliyelima shamba lake kwa jasho lakini hakupata kusoma, asiwe na hata moja. Mwaka 1961 mlango ulifunguliwa zaidi, na katika uchaguzi wa Mei 1963 kila mtu mzima aliyejiandikisha alipata kura moja, tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke.

Haki hiyo iliyopatikana kwa hatua iliweza pia kurudishwa nyuma kwa hatua. Mwaka 1982 Katiba ilibadilishwa, na KANU ikafanywa kuwa chama pekee kilichoruhusiwa na sheria. Mwaka 1988, katika uteuzi wa chama hicho, watu waliamriwa wasimame mstari nyuma ya mtu wamtakaye au nyuma ya picha yake. Aliyepata asilimia 70 ya watu wa mstari alihesabiwa kuwa amekwisha kupita bila kupingwa. Wazee wanaoukumbuka mlolongo ule wanajua maana yake. Chifu alimwona mtu amesimama wapi. Mwenye duka alimwona mdeni wake. Mume alimwona mkewe. Tena palikuwa na mahali ambapo mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu, na watu waliousimamia kwa miguu yao wakarudi nyumbani wakiwa hawana la kusema. Kifungu cha chama kimoja kiliondolewa mwezi wa Desemba 1991, na mwaka uliofuata watu wakapiga kura ya siri kwa vyama vingi.

MAHALI ASIPOINGIA MWINGINE

Mtu mwenye fikira huru huanza hapo. Anajua kwamba kibanda cha kupigia kura ni kidogo sana, lakini ndani yake hamna nafasi ya mtu wa pili. Baba haingii, mkubwa wa kazi haingii, wala mzee wa ukoo haingii. Wakuria wa upande wa Kenya wana koo nne zinazojulikana, yaani Abakira, Abagumbe, Abanyabasi na Abairege, na kila wakati wa uchaguzi hutokea watu wasemao kwamba safari hii zamu ni ya ukoo fulani. Katika Kaunti nzima ya Migori nako husemwa vivyo hivyo juu ya makabila. Si vibaya mtu kuupenda ukoo wake. Ukoo humzika aliyekufa na humsaidia yatima. Lakini ukoo haujengi zahanati wala hausimamii hesabu za kaunti. Kazi hizo zahitaji mtu mwaminifu, naye aweza kutoka katika nyumba yo yote.

Siku ya uchaguzi kila mwananchi hupewa karatasi sita: ya Rais, ya Gavana, ya Seneta, ya Mbunge, ya Mwakilishi wa Wanawake na ya Mwakilishi wa Wadi. Wako viongozi wanaowahimiza watu wachague chama kimoja kutoka juu hata chini. Mtu huru hukataa kufungwa macho namna hiyo. Karatasi ni sita kwa sababu kazi ni sita, na kila kazi yapaswa kupimwa peke yake.

Wahenga walisema, "Wengi wape." Neno hilo ni kweli, na bila yake hapana uchaguzi. Lakini wahenga hawakusema kwamba wachache wanyang'anywe. Wakuria ni wachache katika Kaunti ya Migori, nao wanajua vizuri kwamba serikali njema haipimwi kwa jinsi inavyowatendea waliyoichagua tu, bali kwa jinsi inavyowatendea walioinyima kura. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 yalitambua jambo hili. Kwa mujibu wake Rais hana budi kupata zaidi ya nusu ya kura zote, na tena robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Yaani hapana mtu awezaye kuingia Ikulu kwa nguvu za kabila lake peke yake.

KURA MOJA YAFAA NINI?

Si ajabu kumsikia kijana wa mpakani akimwuliza mzee, "Baba, kura yangu moja itafaa nini katika mamilioni?" Jibu lake ni la hesabu, na mtu aliyefika darasa la sita aweza kulithibitisha mwenyewe. Mwaka 2022 Bwana William Ruto alitangazwa kuwa amepata kura 7,176,141, na marehemu Raila Odinga kura 6,942,930. Tofauti yao ilikuwa kura 233,211. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Gawanya, nawe utaona kwamba nchi nzima iliamuliwa kwa zaidi kidogo ya kura tano kwa kila kituo. Watu watano ni wale wanaoketi pamoja katika kibanda kimoja cha chai pale stendi. Na katika uchaguzi huo huo watu zaidi ya milioni saba waliokuwa wamejiandikisha hawakwenda kupiga kura kabisa.

Hesabu ya pili inahusu fedha. Mgombea akimpa mtu shilingi 500 ili amchague, na kipindi cha utawala ni miaka mitano, basi ameinunua haki ya mtu huyo kwa senti kama 27 kwa siku. Hapana mkulima wa tumbaku au mahindi angeliuza jasho lake kwa bei hiyo. Tena sheria ya nchi inawahesabu mtoaji na mpokeaji wote wawili kuwa wenye hatia.

KUTAZAMA NG'AMBO YA MPAKA

Tarehe 29 Oktoba 2025 ndugu wa Tanzania walikuwa na uchaguzi wao. Chama cha CHADEMA, ambacho ndicho kikubwa cha upinzani, kilikuwa kimezuiwa kushiriki, na mwenyekiti wake, Bwana Tundu Lissu, alikuwa kizuizini kwa mashtaka ya uhaini tangu mwezi wa Aprili. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98. Siku hiyo ya kura ghasia zilizuka katika miji mingi, intaneti ikakatwa, amri ya kutotoka nje ikatolewa Dar es Salaam, na watu wakauawa. Hata idadi yao imekuwa jambo la kubishaniwa. Mtu wa Isebania hakuzipokea habari hizi kama habari za nchi ya mbali, maana simu iliyokosa kuitika ilikuwa ya shemeji yake.

Lakini Mkenya hana ruhusa ya kujisifu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 walikufa katika nchi yake, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliopinga Muswada wa Fedha walipigwa risasi Nairobi, na kesho yake Rais akautupilia mbali muswada wenyewe. Ikiwa muswada uliweza kuachwa kwa maneno siku ya Jumatano, mbona watu walikufa kwa ajili yake siku ya Jumanne?

Tofauti iliyopo kati ya uchaguzi mwema na mbaya si ya damu ya watu, bali ya kanuni na ya ujasiri wa kuzishika. Tarehe 1 Septemba 2017 majaji wa Mahakama ya Juu ya Kenya, wanne dhidi ya wawili, walibatilisha uchaguzi wa Rais, jambo lililokuwa halijatokea katika Afrika. Mwaka 2022 Tume ya uchaguzi iliziweka fomu za matokeo ya vituo mahali ambapo kila mtu aliweza kuzisoma na kujumlisha mwenyewe. Hayo ni mafanikio, nayo yatadumu kwa muda ule tu ambao wananchi watayalinda.

YAMPASAYO MWANANCHI

Kwanza, ahakikishe mapema kwamba jina lake limo katika daftari, na kwamba limo katika kituo chake. Pili, aende kuwasikiliza wagombea wote, hata yule asiyempenda, na amwulize kila mmoja jambo moja lenye kupimika: barabara ipi, zahanati ipi, fedha zitoke wapi. Tatu, asimwite mpinzani adui, kwa maana baada ya kura watu wale wale watakutana sokoni na katika matanga. Nne, jioni asome Fomu 34A inayobandikwa mlangoni mwa kituo, aandike hesabu yake katika daftari lake, na ailinganishe na ile itakayotangazwa baadaye.

Haya si mambo makubwa, wala hayahitaji fedha. Yanahitaji nusu ya siku na kalamu moja. Mzee aliyesimama katika mlolongo wa mwaka 1988 na kuuona mstari wake mrefu ukiitwa mfupi angelitoa ng'ombe ili apate nafasi hiyo. Mjukuu wake amepewa bure. Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu huyu bado anao wakati.