Mbona fremu ya baiskeli hukatika nyuma?

Jina bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, Busia, miaka ya 1960, baiskeli zilipobeba abiria kutoka boda moja hadi nyingine. Leo pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini magunia na mikungu ya ndizi bado husafiri kwa keria ya baiskeli. Fremu ikichoka, mara nyingi hupasuka nyuma, karibu na vipande viwili bapa vya chuma vyenye mwanya wa kukalia ekseli.

Chuma hakikatiki hapo kwa mzigo wa siku moja. Hapo hukutana uzito wa keria, mitikisiko ya barabara na mvuto wa cheni. Mwendeshaji wa kilo 70 akisimama juu ya pedali, cheni huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100, tena upande wa kulia peke yake. Hata akikanyaga polepole, msukumo hurudiwa zaidi ya mara 300 kila kilomita. Chuma hupinda kidogo na kurudi, mpaka ufa mwembamba kama unywele unaanza, aghalabu kando ya mahali palipochomelewa.

Nati zikilegea, ekseli hucheza na kuharakisha ufa. Gurudumu lenye habu pana likiingizwa kwa nguvu, vipande hivyo havikai tena sambamba. Nati zikikazwa, fremu hupindika hata kabla ya kupakiwa.

Dalili zipo: rangi iliyopasuka kwa mstari, kutu inayochungulia hapo, gurudumu linalohama upande kila likikazwa. Mwenye mzigo anaweza kuzikagua kwa dakika moja kabla gunia halijafungwa. Fremu ikikatika njiani, bidhaa humwagika, na nauli ya chombo kingine humeza faida.

Kuchomelea juu juu hakutoshi. Fundi makini hukwangua rangi aone mwisho wa ufa, hutoboa tundu dogo kwenye ncha yake, husaga kingo na kupima fremu kwa uzi, ndipo achomelee. Bomba ni jembamba: moto ukizidi, ufa mpya huzuka kando ya kiraka. Kipande cha kushika ekseli kikiwa kimekatika, heri kibadilishwe kizima.

Baada ya hapo ni spana kila asubuhi, na mzigo mzito ukae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, usining'inie nyuma.