Soda iliyowashinda wenyewe

Je, wajua kwamba Coca-Cola ilianza kuuzwa kama kinywaji cha kutuliza kichwa na uchovu? Mfamasia John Pemberton wa Atlanta, Marekani, aliibuni mwaka wa 1886, akitumia majani ya koka na mbegu za kola. Baadaye kokeini iliondolewa.

Tarehe 23 Aprili 1985 kampuni ilibadili ladha, ikawa tamu zaidi, ili ipambane na Pepsi. Watu wapatao 200,000 walikuwa wameionja na wengi wakaipenda. Hata hivyo, wateja waliteta kwa simu na barua. Baada ya siku 79 ladha ya zamani ilirudishwa. Kumbe majaribio hayo ya ladha hayakuonyesha jinsi wateja walivyoshikamana na waliyoizoea. Wahenga hawakukosea: mazoea yana taabu.