Jongoo, Nge na Buibui: Tuwatazame kwa Macho, Tusiwashike kwa Mikono

Mvua za vuli zinapoanza kunyesha wilayani Same, jongoo hutoka ardhini na kuonekana wakivuka njia, kuanzia tambarare kavu za Makanya na Kisiwani hadi kwenye mashamba ya tangawizi ya Mamba Miamba, juu katika Milima ya Upare. Watoto huwafurahia. Huwagusa kwa kijiti ili wajikunje, huwatia katika kopo, na wengine hulala nao chumbani wakitaka kuwafuga. Wahenga walisema kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake. Tabibu wa leo anaikubali methali hiyo hata kwa maana yake ya wazi, kwa kuwa majimaji anayotoa jongoo hubaki kwenye mti uliomgusa, na kutoka hapo hufika kwenye vidole na machoni.

Makala hii haikusudii kumkataza mtoto kuwatazama viumbe hawa. Inakusudia kueleza jinsi ya kuwatazama bila kudhurika, na jinsi ya kumhudumia aliyedhurika.

Wageni wanaowafuga viumbe wetu

Huko Ulaya na Marekani wapo watu wengi wanaofuga viumbe wasio na uti wa mgongo katika matangi ya kioo. Miongoni mwa wanaopendwa ni jongoo mkubwa wa Afrika Mashariki, ambaye jina lake la kisayansi ni Archispirostreptus gigas. Jongoo huyu huweza kupita sentimita 30 kwa urefu, na huishi miaka kadhaa akitunzwa vizuri. Mwingine ni buibui mkubwa mwenye manyoya, Pterinochilus murinus, ambaye aina yake yenye rangi ya chungwa hupewa na wafugaji jina la Usambara, milima iliyo jirani na Upare. Baadhi ya viumbe wa namna hii walikamatwa nchini mwetu na kuuzwa ng'ambo, hadi serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016.

Jongoo: rangi inayotisha na jicho linaloumia

Jongoo ana mwili wa mviringo, na pingili zake nyingi zina jozi mbili za miguu kila moja. Hana sumu ya kuuma. Akibanwa, hutoa ubavuni majimaji yenye kemikali za jamii ya kwinoni, ambazo huwasha na kuipaka ngozi rangi ya kahawia au nyeusi.

Chukua mfano wa mtoto wa miaka minne anayeletwa zahanati asubuhi, vidole viwili vya mguu vikiwa vyeusi. Alivaa kiatu ambamo jongoo alikuwa amejificha. Mhudumu asiyeijua hali hii anaweza kudhani kwamba vidole vinaoza kwa kukosa damu, au kwamba mtoto amechomwa moto kwa makusudi. Makosa ya aina hiyo yamekwisha kuelezwa katika maandishi ya kitabibu ya nchi mbalimbali. Kabla ya kuamua, mhudumu apime mambo manne: je, kidole kina joto? Je, mapigo ya damu mguuni yanasikika? Je, ngozi ikibonyezwa na kuachiwa, damu hurejea upesi? Je, mtoto anahisi akiguswa? Iwapo majibu yote ni ndiyo, na kiatu kikikung'utwa anaanguka jongoo aliyepondeka, hofu ipungue. Ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli. Rangi huweza kukaa kwa wiki au miezi, kisha hufifia yenyewe. Mzazi aelezwe hivyo mapema, asije akapeleka mtoto akachanjwe au akapakwe dawa za kuunguza.

Jicho ni habari nyingine. Majimaji yakiingia jichoni huleta maumivu makali, uvimbe wa kope na machozi, na yanaweza kuchubua konea, yaani utando mwangavu wa mbele ya jicho. Kidonda cha konea kikiachwa huweza kuacha kovu na kupunguza uwezo wa kuona. Nyumbani, jicho lioshwe mara moja kwa maji safi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 15. Lisitiwe maziwa, mitishamba wala matone yaliyobaki ya mgonjwa mwingine. Kituoni, uoshaji uendelee, konea ichunguzwe kwa rangi ya fluoresini kama ipo, na mgonjwa apelekwe kwa wataalamu wa macho, kama wale wa KCMC mjini Moshi. Matone yenye steroidi yasitolewe kabla mtaalamu wa macho hajalitazama jicho.

Tandu, nge na buibui

Wengi humchanganya jongoo na tandu. Tandu ni bapa, ana mbio, na kila pingili ina jozi moja tu ya miguu. Huyu huuma, na maumivu yake ni makali. Asihifadhiwe na mtoto hata kwa saa moja.

Nge wanahitaji tahadhari zaidi. Kwa kawaida, nge mwenye mkia mnene na magando membamba, kama wale wa jamii ya Parabuthus wanaoishi nyanda kavu, ni hatari kuliko mwenye magando makubwa na mkia mwembamba. Mtoto aliyeumwa na nge akaanza kutokwa na mate mengi, kushindwa kumeza, kuhangaika, kutupa macho huku na huku au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Jeraha lisikatwe, lisinyonywe wala lisifungwe kamba. Maumivu ya mahali pamoja hutulizwa vizuri kwa sindano ya ganzi ya lignokeini. Dawa zinazopunguza upumuaji ziepukwe.

Wako nge wanaojificha katika mawe, kuni na viatu. Kwa bahati njema, nge hung'aa akimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Kurunzi ndogo ambayo wenye maduka huitumia kukagua noti bandia yatosha kumfichua sakafuni usiku.

Buibui wakubwa wenye manyoya hukaa mashimoni na huuma wakichokozwa. Maumivu, uvimbe na wakati mwingine kukakamaa kwa misuli hufuata. Jeraha lioshwe, likandwe kwa kitambaa cha maji baridi, na chanjo ya pepopunda ikaguliwe. Kwa upande mwingine, yuko kiumbe bapa, mwenye miguu ya mbele mirefu kama mjeledi, anayepatikana chini ya magome na mawe. Sura yake inatisha, lakini hana sumu wala mwiba. Mama yake huwabeba watoto mgongoni.

Namna ya kutazama kwa usalama

Kiumbe anayefaa kwa somo la nyumbani au darasani ni jongoo. Ndoo yenye udongo wenye unyevu, majani makavu na vipande vya mti uliooza, ikifunikwa kwa wavu, yatosha. Ahamishwe kwa kijiko kirefu, na kijiko kioshwe. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa uso au chakula. Akijizika udongoni siku nyingi asifukuliwe, maana huenda anajivua gamba. Baada ya wiki moja arudishwe alikotoka. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi na msitu wa Chome, kiumbe atazamwe pale pale alipo, asiondolewe.

Mhudumu wa afya naye aitazame ndoo hiyo. Aliyekwisha kuona jinsi jongoo anavyotia kijiti madoa ataitambua rangi ile ile kwenye kidole cha mtoto, na hatamwandikia rufaa ya kukatwa kidole kilicho kizima.