Uzi Unaofichua Sumu ya Risasi

Hapa kwetu Tegeta mama mwangalifu huchemsha maji ya kunywa, na afanya vema, maana moto huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini iko sumu isiyojali moto. Nayo ni madini ya risasi, yale yaliyomo ndani ya betri za magari. Yakiingia majini hayana rangi, harufu, wala ladha. Humdhuru mtoto kuliko mtu mzima, kwa kuwa ubongo wake ungali unakua. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa ni salama.

Jirani zetu wa Mombasa waliyaona hayo. Katika kijiji cha Owino Uhuru kilikuwako tangu mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Bibi Phyllis Omido alifanya kazi hapo. Mwanawe mchanga alipougua alitibiwa malaria na homa ya matumbo, asipone, hata damu yake ilipopimwa ikaonekana ina risasi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilithibitisha fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 kwa wanakijiji. Lakini fedha haimrudishii mtoto ubongo uliokwisha kuharibika. Heri sumu ijulikane mapema.

Basi, itajulikanaje? Njia ya kawaida ni kupeleka maji katika maabara yenye mashine za thamani kubwa. Lakini mwaka 2000 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Jing Li na Yi Lu, walionyesha njia nyingine. Walitumia DNA, yaani ule uzi mwembamba mno uchukuao urithi wa viumbe.

Walitengeneza nyuzi mbili fupi, wakazishikamanisha kama zipu. Wa kwanza ulitiwa rangi ing'aayo inapomulikwa. Wa pili ulitiwa kitu kizimacho mwanga huo kikiwa karibu nao. Tena uzi huo wa pili ni kama mkasi uliolala, na risasi ndiyo iuamshayo. Risasi ikiwamo majini, mkasi huukata uzi wa kwanza, kipande chenye rangi hujitenga na kile kizimacho, na mwanga hutokea. Kadiri risasi ilivyo nyingi, ndivyo mwanga uongezekavyo upesi.

Hata hivyo, taa haimfukuzi mwizi, humwonyesha tu. Kumfukuza ni kazi yetu. Tusivunje betri kuukuu nyumbani, wala tusimwage maji yake karibu na kisima. Na baba afanyaye kazi ya betri abadili nguo na kunawa kabla ya kumpakata mtoto, maana vumbi la risasi hufuatana naye mpaka nyumbani. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa ni kweli tupu.